Wanafunzi wa nchi tofauti wanagawana kazi badala ya kubuni pamoja: tatizo liko wapi hasa?

#1 Kalamu Kavu (mleta mada)

Wadau, salamu.

Nafundisha somo la fikra za usanifu (design thinking) chuoni, na kwa mihula mitatu sasa darasa langu limeunganishwa kwa intaneti na darasa la chuo cha nchi nyingine. Wanafunzi hupangwa katika vikundi vya watu sita, watatu wa huku na watatu wa kule, hupewa wiki saba, na hutakiwa kupitia hatua zote: kumsikiliza mtumiaji, kulifafanua tatizo, kubungua bongo, kutengeneza kielelezo, yaani mfano wa majaribio, na kukijaribu kwa mtumiaji yuleyule. Ukiusoma mpango huo huoni kasoro. Lakini ifikapo wiki ya tatu kila kikundi kimekwisha kujikata vipande viwili: hawa wanahoji, wale wanachora, hawa wanaandika ripoti, wale wanatengeneza slaidi.

Muhula uliopita nilifungua historia ya ubao wa mtandaoni wa kikundi kimoja nikaifuatilia hatua kwa hatua. Vikaratasi vya manjano vya upande wetu vilibandikwa usiku, vyote ndani ya dakika kumi na mbili. Saa tisa baadaye vikaja vya buluu vya wenzetu, vikapangwa kwenye kona yao. Hakuna hata kimoja cha manjano kilichosogezwa karibu na cha buluu, wala mshale uliowahi kuchorwa kati yao. Kikundi hicho kilipata alama nzuri, kwa sababu ripoti yake ilikuwa nzuri, nami nilizitoa alama hizo kwa moyo mzito.

Dai langu ni hili: jinsi wengi wetu tunavyouendesha ushirikiano huu, tunafundisha kugawana kazi na kuiita kazi hiyo usanifu. Nakosea wapi?

#2 Nahodha

Mleta mada, jibu umelitoa mwenyewe: saa tisa baadaye. Watu waliotengana kwa saa tisa hawana mchana mmoja, na mbinu hii ilizaliwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ndani ya chumba kimoja, watu wamesimama bega kwa bega mbele ya ukuta wa kuandikia. Ukiwaondolea wanafunzi chumba hicho, kinachobaki ni kupokezana kijiti.

Nimeendesha madarasa ya pande tatu, Ulaya na Marekani zikiwemo, na kila mwaka mwezi wa Machi hutuvuruga. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi huo, Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa mwezi mzima tofauti ya saa si ile mliyoizoea. Kikundi kimoja kilipishana kwa saa nzima mara mbili mfululizo, na kila upande ukaamini kwamba wenzake hawana adabu. Hawakurudi kuwa kitu kimoja tena.

#3 Mwanagenzi

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi niliyepitia mradi wa namna hii mwaka jana, na naomba niseme jambo ambalo huenda walimu hawalioni kwenye historia ya ubao.

Hatukugawana kazi kwa uvivu. Tuligawana kwa sababu lugha ya kikao ilikuwa lugha ya tatu kwangu na lugha ya kwanza kwa mwenzangu wa kule. Wazo linapokuwa bado changa, huna maneno yake hata katika lugha uliyolelewa nayo. Sasa fikiria kulitoa katika lugha ambayo unaitafuta neno kwa neno, mbele ya watu watano wanaokutazama kwenye skrini. Mtu huamua kunyamaza, kisha usiku huandika akiwa peke yake, ambako ana muda na kamusi. Zile dakika kumi na mbili za vikaratasi vya manjano, mwalimu, huenda zilitanguliwa na saa mbili za kuandika na kufuta mahali usipopaona.

#4 Kalamu Kavu

Mwanagenzi, ahsante sana. Hilo la kuandika na kufuta sikuwahi kulifikiria, na limenigusa.

#5 Msahihishaji

Nina masahihisho mawili kwa Nahodha kabla mjadala haujasonga mbele.

Kwanza, Machi hauvurugiki mzima. Jumapili ya pili huangukia kati ya tarehe 8 na 14, na ya mwisho kati ya 25 na 31, kwa hiyo pengo ni la wiki mbili au tatu. Kuna pengo jingine la wiki moja, kati ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya inaporudisha saa nyuma, na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani inapofanya hivyo. Nchi nyingi duniani hazibadilishi saa kabisa, na wanafunzi wa nchi hizo ndio hushtukizwa zaidi, kwa kuwa kwao hakuna tangazo lolote.

Pili, Stanford iliipa mbinu hii umaarufu na zile hatua tano zinazonakiliwa kila mahali, lakini haikuizaa. Mkutano wa kwanza mkubwa wa mbinu za usanifu ulifanyika London mwaka 1962. Msomi wa Marekani Herbert Simon aliandika mwaka 1969 kwamba anasanifu kila mtu anayepanga njia za kuibadilisha hali iliyopo iwe hali inayopendelewa. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, wasomi wa usanifu na mipango miji, wakaeleza matatizo korofi, yaani yale ambayo huwezi kuyafafanua kikamilifu kabla ya kuanza kuyatatua, na ambayo hayana jibu sahihi bali jibu bora au baya zaidi.

Naisisitiza historia hii kwa sababu inagusa hoja yenyewe. Ikiwa tatizo ni la aina ya Rittel na Webber, kulifafanua ndiyo nusu ya kazi, na kila upande hulifafanua kwa namna yake. Vikundi vinavyogawana kazi mapema vimeruka mabishano ya ufafanuzi. Ningeanza kutafuta hapo, kabla ya saa na kabla ya lugha.

#6 Fundi Mitambo

Kazi yangu ni mitandao, si ualimu, ila nahudumia madarasa ya aina hii, na kuna sababu moja ambayo hakuna aliyeigusa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha mazungumzo katika lugha 10 za mabara tofauti, ukakuta kwamba katika zote watu hujibizana baada ya mwanya mfupi mno, kwa wastani kama milisekunde 200. Huo ni muda wa kupepesa jicho. Sasa weka mtandao katikati. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano hushauri kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende bila kusumbua. Anayetumia setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, hutumia karibu robo sekunde kwa sauti kupanda na kushuka tu, kabla hujahesabu kingine chochote.

Matokeo yake nimeyaona mara nyingi. Mwanafunzi mwenye laini nzito husikia mwanya, anafungua kinywa, na wakati sauti yake inafika mwingine amekwisha kuuchukua. Anaomba radhi, ananyamaza. Baada ya mara nne hajaribu tena. Wenzake huandika katika tathmini kwamba ni mtu mpole asiye na mawazo mengi. Hapo hakuna utamaduni wala haya, ni milisekunde. Siku tuliyokubaliana kwamba kila mtu anyooshe mkono, na mwenye kuongoza kikao ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kwenda mbele, wanafunzi wawili waliokuwa kimya kwa wiki nne ndio waliojaza ubao.

#7 Bungua Bongo

Wakuu, mnalilia vikao vya pamoja kana kwamba ndiko mawazo yanakozaliwa, na mimi naona ushahidi unaelekea kwingine. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara aliyeeneza zoezi la kubungua bongo, aliamini kwamba kundi huchochea mawazo mengi kuliko watu wapweke. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilijaribu dai hilo: vikundi vya watu wanne walioketi pamoja vilitoa mawazo machache kuliko watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha orodha zao zikaunganishwa na mawazo yaliyojirudia kuhesabiwa mara moja. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa, nayo ni kusubiri zamu: wakati mwenzako anasema, wewe wazo lako linapoa au linasahaulika.

Kwa hiyo vikaratasi vya usiku vya Kalamu Kavu si ugonjwa. Hiyo ndiyo namna bora ya kuzalisha mawazo, na umbali umewalazimisha wanafunzi kuifuata. Kilichokosekana ni kikao cha pili, cha kuvisogeza vikaratasi hivyo.

#8 Nahodha

Msahihishaji, nimepokea masahihisho yote mawili. Wiki tatu zilinitosha kuzihisi kama mwezi.

Ila kwa Bungua Bongo: hicho kikao cha pili utakiweka saa ngapi? Tunarudi palepale.

#9 Mizani

Nimesoma uzi wote, na swali langu kwa mleta mada ni moja: je, kazi hii ina alama sawa pande zote mbili?

Nauliza kwa sababu mwanasaikolojia Gordon Allport, alipoandika mwaka 1954 kuhusu watu wa makundi tofauti wanaokutanishwa ili wapunguze chuki na dhana potofu, alisisitiza kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Alitaja masharti manne: hadhi sawa ndani ya mkutano huo, lengo la pamoja, kutegemeana katika kulifikia, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Madarasa mengi ya mtandaoni hutimiza la pili na kudhani yamemaliza.

Tena kuna ukosefu wa usawa mbaya kuliko wa alama. Mara nyingi nchi moja hutoa tatizo na nchi nyingine hutoa suluhisho. Upande mmoja huitwa watumiaji, upande wa pili wasanifu, na hakuna aliyeutamka mgawanyo huo kwa mdomo. Mwanafunzi aliyeletwa darasani kama mfano wa mwenye shida hawezi kusogeza kikaratasi cha yule aliyeletwa kama mtatuzi, hata kama ana intaneti ya kasi na wana saa zilezile.

#10 Kalamu Kavu

Mizani, nakujibu kwa ukweli. Kwetu mradi huu ni asilimia 40 ya alama za somo. Kwa wenzetu ni kazi ya hiari yenye cheti. Nililijua hilo tangu mwanzo, na sikuliona kama sehemu ya usanifu wa somo lenyewe. Na ndiyo, kwa mihula yote mitatu tatizo lilitoka kwao.

#11 Mkaidi wa Hoja

Naomba nipinge dai lenyewe, si maelezo yake. Kugawana kazi kuna dhambi gani? Timu za kweli zilizotawanyika duniani hugawana kazi kila siku. Mmoja anajua kuhoji, mwingine anajua kuchora, na wateja wanapata kitu kizuri. Mnawataka wanafunzi sita washike kalamu moja kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna kampuni inayolifanya.

#12 Msahihishaji

Mkaidi, mtu hugawana kazi anayoijua. Timu za wazoefu hugawana baada ya kila mmoja kuwahi kufanya hatua zote kwa mkono wake. Mwanafunzi aliyechora tu, bila kumsikiliza hata mtumiaji mmoja, amejifunza kuchora, na hilo alilijua kabla hajaja darasani.

#13 Mama Vielelezo

Naleta kisa kimoja, kwa kuwa nimeona nadharia zimekuwa nyingi.

Muhula wa pili wa darasa letu vikundi vilipewa swali la jinsi wazee wanavyokumbuka kumeza dawa zao. Upande wa pili ulikuwa mwepesi sana wa programu za simu, na kufikia wiki ya pili walikuwa wamechora moja yenye kengele, rangi na takwimu za wiki. Upande wetu ulikuwa unaitikia tu. Mwanafunzi wetu mmoja hakuwa mzungumzaji, lakini alikuwa anaishi na bibi yake. Asubuhi moja aliweka simu juu ya rafu akarekodi video ya dakika mbili, bila neno lolote, inayoonyesha mikono ya bibi peke yake, naye bibi aliridhia irekodiwe hivyo. Dirishani pana makopo mawili madogo matupu, moja la asubuhi na moja la usiku. Bibi anameza vidonge vyake, kisha analichukua kopo la asubuhi na kulipindua juu chini. Akipita baadaye akaliona limepinduliwa, anajua amekwisha kumeza. Usiku analisimamisha tena.

Video ile ilipobandikwa ubaoni kikao kilikaa kimya, kimya kirefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha msichana wa upande wa pili akauliza: „Na akisahau kupindua?” Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la kweli la muhula mzima. Ile programu haikutajwa tena. Walikaa siku hiyo wakihesabu njia ambazo kitendo cha kumeza na kitendo cha kupindua vingeweza kuwa kitendo kimoja, na wakafikia boksi la karatasi ngumu ambalo huwezi kupata kidonge bila kulifungua kifuniko kinachobaki wazi hadi usiku.

Jambo la pili walilofanya ndilo naona liliwaunganisha. Walikubaliana vipimo, na kila mmoja akakata boksi lilelile kwa mkasi nyumbani kwake, nchi mbili, watu sita. Wakawapelekea wazee wa pande zote mbili. Mzee mmoja wa upande wa pili alikuwa na mikono inayotetemeka, na kifuniko hakikufunguka. Wakakata upya chenye ulimi mpana, wote sita, wakati mmoja, kamera zikitazama meza badala ya nyuso.

#14 Fundi Mitambo

Kamera kutazama meza! Mama, hilo nalichukua. Mikono haigombanii zamu, na aliyechelewa nusu sekunde hapotezi chochote.

#15 Mwanagenzi

Mimi nimeona kwamba video haikuwa na maneno. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na lugha bora kuliko mwenzake.

#16 Bungua Bongo

Nami nimeona kwamba mwanafunzi yule aliitengeneza peke yake, asubuhi, nje ya kikao. Kisha kikao kikaja kuichambua. Ndiyo hoja yangu ya #7.

#17 Mizani

Na mimi nimeona kwamba mwenye tatizo ndiye alikuwa na suluhisho tayari, dirishani, na kwamba siku hiyo upande wa pili ndio uliokuwa unajifunza. Hadhi ilisawazishwa na makopo mawili. Tukiendelea hivi kila mmoja ataondoka na kisa kilekile kama ushahidi wake, lakini nasimama na maelezo yangu.

#18 Mkaidi wa Hoja

Nakubali kisa ni kizuri. Nauliza kama bibi huyo asingekuwepo ingekuwaje. Somo haliwezi kutegemea bahati ya nani anaishi na nani.

#19 Mama Vielelezo

Mkaidi, haikuwa bahati tupu. Sharti letu ni kwamba kila mwanafunzi, wa pande zote, alete mtumiaji mmoja anayeweza kumfikia kwa miguu, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuchora kabla hajaandika jambo moja alilomwona mtu huyo akifanya. Si alilosema, ni alilofanya. Kikundi kile kilikuwa kimeruka sharti hilo, nami nikalegea. Video ilikuja siku nilipowarudisha nyuma.

#20 Kalamu Kavu

Wadau, nawashukuru. Muhula ujao alama zitakuwa sawa pande zote, na tatizo litakuwa moja lililopo katika nchi zote mbili, kila upande ukiwa na watumiaji wake. Vikao vitapishana: kimoja saa tatu usiku kwetu, kinachofuata saa tatu usiku kwao, ili uchovu tuugawane. Nimefikiria pia kutoa alama kwa kila kikaratasi kilichosogezwa au kuunganishwa na cha upande wa pili. Hilo mnalionaje?

#21 Mwanagenzi

Mwalimu, kwa heshima, la mwisho naomba uliache. Ukihesabu vikaratasi vilivyosogezwa, tutavisogeza, na hutajua tena kipi kilisogezwa na wazo na kipi kilisogezwa na alama. Afadhali utuulize kila wiki tuandike kitu kimoja ambacho mwenzetu wa kule alikibadilisha katika fikra zetu, na uturuhusu tukiandike kwa lugha yoyote.

#22 Nahodha

Naunga mkono ya Mwanagenzi. Bado nasema saa.

#23 Msahihishaji

Mama Vielelezo, swali moja kabla sijalala: lile boksi, bibi bado analitumia?

#24 Mama Vielelezo

Wiki chache baada ya muhula kwisha mwanafunzi alinitumia picha. Boksi lipo dirishani. Kifuniko kimekatwa chote kwa mkasi, na boksi limepinduliwa juu chini. Niliituma picha hiyo kwa kikundi kizima siku ileile, na yule msichana wa upande wa pili ameniandikia kuuliza kama wanaweza kuanza upya, hata kama hakuna alama.